Daktari Anapoitwa Mahakamani

Mwezi huu tunaomba mtuvumilie kidogo, maana jambo tulilonalo si la kuzungumzwa mezani watoto wakiwa wanakula. Lakini ni jambo la nyumbani kwetu, na kwa kuwa wengi wetu hulisikia kwa mara ya kwanza siku ambayo limekwisha kutupata, ni heri tulizungumze leo tukiwa tumetulia.

Tunataka kueleza habari za mashahidi wataalamu. Hawa ni watu ambao mahakama huwaita, si kwa sababu waliona kosa likitendeka, bali kwa sababu elimu yao inawawezesha kusoma alama zilizobaki baada ya kosa. Daktari ni mmoja wao. Mkemia wa Serikali ni mwingine. Yupo pia yule anayelinganisha sahihi na alama za vidole.

Mama wa Kibosho au wa Mwika aweza kuuliza, "Mambo ya mawakili hayo, yananihusu nini mimi na migomba yangu?" Yanakuhusu, mama. Mtoto akinajisiwa, nguo atakayoipima mkemia ni ile ambayo wewe umeifua au hukuifua. Mume akifariki, na shemeji akaja na karatasi yenye sahihi ya marehemu, sahihi ya kulinganishia itatoka katika sanduku lako. Mtaalamu hana uganga wa kubashiri. Husoma kile alicholetewa, na mletaji, mara nyingi sana, ni mama wa nyumba.

Maoni ya nani yanasikilizwa?

Sheria ya Ushahidi ya nchi yetu, iliyotungwa mwaka 1967, inamtaka shahidi wa kawaida aseme alichokiona kwa macho yake na alichokisikia kwa masikio yake. Maoni yake hayatakiwi. Ukisimama kizimbani ukasema, "Mimi nadhani ni yule kijana wa jirani, maana tabia yake tunaijua," utaambiwa ukomee hapo. Mtaalamu yeye amefunguliwa mlango. Anaruhusiwa kutoa maoni katika mambo ya sayansi, ya ufundi, ya miandiko na ya alama za vidole, kwa sababu hakimu hakuyasomea hayo.

Hata hivyo hapiti mlango huo bila kubisha hodi. Kwanza hueleza amesoma wapi na amefanya kazi hiyo kwa muda gani. Kisha hueleza alichokipima, alikipimaje na alikuta nini. Mwisho ndipo hutoa maoni yake pamoja na sababu zake. Upande wa pili huwa na haki ya kumhoji, na mahojiano hayo huwa makali. Baada ya yote hayo hakimu hafungwi na maneno yake. Aweza kuyakataa, ila aeleze kwa nini. Tunalisema hili kwa sababu wapo akina mama wanaodhani daktari ndiye anayetoa hukumu. La hasha. Daktari ni msaidizi wa mahakama.

Wala si lazima awe bingwa kutoka hospitali kubwa. Mahakama zetu zimepokea ushahidi wa matabibu wa vituo vya afya, wale ambao huku mlimani tunawaita madaktari na hatukosei sana. Sisi wauguzi nasi twaweza kuitwa, hasa kueleza mtoto alifika katika hali gani, saa ngapi, na alikabidhiwa kwa nani.

Kabla ya kuogesha

Jambo la kwanza ambalo mama hufanya akigundua mwanawe ametendewa uovu ni kumwogesha. Tunamwelewa. Ndivyo tulivyolelewa: mtoto akichafuka huogeshwa, akiumizwa husafishwa na kukandwa kwa maji ya moto. Tumekwisha kupokea watoto waliosuguliwa kwa sabuni ya kufulia, wamevalishwa gauni la kanisani, nguo waliyokuwa nayo ikiwa imeanikwa kwenye kamba uani. Mama huyo amefanya kwa upendo kila kitu ambacho kinamfurahisha mkosaji.

Usimwogeshe, mama. Usimkate kucha. Ikiwa uovu ulihusu kinywa, asisukutue kabla ya kuonwa. Usichome nguo wala usizifue, hata kama kuziangalia kunakuumiza moyo. Kwa mtoto mdogo, kinachoweza kumtambulisha mkosaji mara nyingi hupatikana kwenye nguo na mashuka kuliko mwilini. Kwa hiyo nguo ya ndani iliyofuliwa ni kama barua iliyotumbukizwa mtoni.

Nguo hizo ziwekwe kwenye karatasi: bahasha ya kaki, mfuko wa karatasi wa dukani, au hata gazeti safi lililokunjwa vizuri, kila nguo peke yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini tunajua bado kuna nailoni za kila namna majumbani. Nailoni hufungia unyevu, na unyevu huozesha kile kinachotafutwa. Ikiwa nguo ni mbichi na kituo kiko mbali, ianikwe ndani, kivulini, pasipo moto wa jiko karibu, ndipo ifungwe. Mtoto akihitaji kujisaidia, ajisaidie; hatusemi ateswe. Ila umwambie daktari kwamba alijisaidia.

Halafu nguo hizo ziende na wewe mwenyewe hadi polisi au hospitalini. Usimpe shangazi azitangulize na hiace, naye ampe dereva, dereva aziache kibandani Kiborloni. Mkemia anaposimama kutoa ushahidi, wakili wa mshtakiwa ataulizia kila mkono uliokishika kile kifurushi, tangu nyumbani hadi maabara. Mkono mmoja usipojulikana, kazi yote ya maabara yaweza kutiliwa shaka. Mikono ikiwa michache, maswali nayo huwa machache.

Polisi hutoa fomu inayoitwa PF3. Polisi hujaza sehemu yao, daktari hujaza yake. Fomu hii haiuzwi; anayekudai fedha kwa ajili yake anakuibia. Katika vituo vingi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo uombe kusikilizwa faragha na askari mwanamke kama yupo. Lakini mtoto akiwa anatoka damu, au amezimia, au usiku ni mkubwa na polisi wako mbali, nenda hospitali moja kwa moja. Dharura hutibiwa kwanza na fomu itafuata. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mtu wa ustawi wa jamii hukutana na mtoto mahali pamoja, asirudie maneno yale yale mlango hadi mlango.

Saa zenyewe zina hesabu. Dawa ya kukinga maambukizo ya virusi vya UKIMWI hufaa ikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Humezwa kwa siku 28. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo aweza kukingwa na mimba ndani ya siku 5. Sampuli nazo hupungua thamani kila saa inayopita. Mama wa Marangu juu anayengoja Jumatatu ili baba arudi kutoka safari amepoteza tiba na ushahidi kwa pamoja. Hata hivyo, kama siku zimekwisha kupita, mlete tu. Bado kuna tiba, bado kuna mambo ya kupima, na kuchelewa kunaelezeka mahakamani kukiwa na sababu ya kweli.

Na yote haya ni kwa wavulana pia. Tunasikitika kwamba wavulana huletwa wakiwa wamechelewa kuliko wasichana, kwa kuwa nyumbani huambiwa wanyamaze kiume.

Maneno ya mtoto

Hapa mama huwa shahidi mwenyewe. Mtoto akianza kusema, msikilize, usimkatize, wala usimtajie jina. Kuna tofauti kubwa kati ya "Nini kimetokea?" na "Ni baba mdogo, sivyo?" Swali la pili laweza kumtia mtoto jibu kinywani, na likijulikana mahakamani hutilia shaka hata lile ambalo ni kweli. Akimaliza, chukua daftari uandike maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kichaga ikiwa alisema kwa Kichaga, pamoja na tarehe na saa. Usiyarembe. Mtoto wa miaka 5 hana majina ya kitaalamu ya viungo, na hakimu anajua hilo.

Tangu mwaka 2016 sheria inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kula kiapo, mradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Mahakama ikimwamini, yaweza kumtia mkosaji hatiani kwa maneno ya mtoto huyo tu, ikieleza sababu zake. Mashauri haya husikilizwa faragha, kwa hiyo wale wanaokutisha kwamba mwanao ataanikwa mbele ya soko zima wanakudanganya.

Daktari akisema hakuna jeraha

Sasa tunafika penye maumivu mengi. Mama amefanya yote, amefika, daktari amepima, na kwenye fomu ameandika kwamba hakuona mchubuko wala kuchanika. Mama hurudi nyumbani amevunjika moyo, na ukoo unapata la kusema: "Si mmeona? Hata daktari amekataa."

Daktari hakukataa. Amesema alichokiona. Watoto wengi walionajisiwa, wakipimwa, hawakutwi na jeraha lolote, kwa sababu sehemu zile hupona upesi sana na pia hutanuka bila kuchanika. Kizinda nacho, ambacho watu wamekigeuza kuwa muhuri wa posta, hakina lugha hiyo wanayodhani. Mwezi Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe, likieleza kwamba hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha kama mwanamke amewahi kuingiliwa au la. Na mahakamani kwetu, kwa habari ya kubaka, kuingiliwa hata kidogo kunatosha. Sheria haidai damu.

Kwa hiyo, mama, ukiitwa na mwendesha mashtaka kujiandaa na shauri, mwombe kwa heshima amwulize daktari swali hili wazi: je, mtoto aweza kuwa ametendewa hivi na asikutwe na jeraha? Daktari hujibu anachoulizwa. Asipoulizwa, atasema "sikuona jeraha" na kushuka kizimbani, na maneno hayo yatabaki yananing'inia. Kwa maoni yetu, mashauri mengi hudhoofika hapa kuliko penye uongo wa mshtakiwa.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la mwaka 2006 linalojulikana kama Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, ilieleza kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa yule aliyetendewa. Taarifa ya daktari huweza kusaidia kuonyesha kwamba tendo lilifanyika, lakini hata michubuko ikionekana, haithibitishi peke yake kwamba mtu alibakwa. Mawakili huitaja hukumu hiyo mara kwa mara. Sisi tunaipenda kwa sababu imemweka mtaalamu mahali pake: anamsindikiza mtoto, hamzibi.

Fomu peke yake haitoshi

Kuna jambo la kiutaratibu ambalo tungependa kila mama alijue. PF3 haiingii mahakamani kwa kujipenyeza. Mshtakiwa hana budi kuambiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe ahojiwe, na fomu ikishapokelewa hutakiwa isomwe kwa sauti ili kila mtu asikie kilichomo. Mahakama ya Rufani imekwisha kuziondoa fomu nyingi katika kumbukumbu kwa sababu mambo haya hayakufanyika. Fomu ikiondolewa na daktari hakuwahi kufika, hakuna lililobaki la kitaalamu. Lakini daktari akiwa alifika mwenyewe na kueleza kwa mdomo, maneno yake huweza kubaki hata fomu ikiwa imeondoka.

Kumwita daktari ni kazi ya mwendesha mashtaka, si yako. Ila wewe unaweza kumrahisishia. Siku ile ya kwanza andika katika daftari lako jina la daktari, kituo, tarehe, na namba ya jalada la mtoto. Madaktari huhamishwa, aliyempima mwanao Mawenzi mwaka huu aweza kuwa Mtwara shauri linaposikilizwa. Mwenye jina kamili hutafutika. "Yule daktari mrefu mweupe" hatafutiki.

Daftari hilo hilo likae pamoja na vyeti vya mtoto. Umri wake hutakiwa kuthibitishwa, na ni jambo zito: aliye chini ya miaka 18 hawezi kuhesabiwa kwamba alikubali, na mwenye kumbaka mtoto wa chini ya miaka 10 adhabu yake ni kifungo cha maisha. Cheti cha kuzaliwa ndicho kilicho bora. Mzazi pia aweza kuthibitisha kwa mdomo, na daktari vilevile. Kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo navyo husaidia, basi visiachwe vitafunwe na panya darini.

"Tulimalize nyumbani"

Tunajua mama anapigana na nini. Mkosaji si mgeni kutoka mbali. Mara nyingi ni mtu anayejulikana na mtoto: jirani, mwalimu wa masomo ya ziada, kijana wa kukata majani ya ng'ombe, na mara nyingine ni shemeji, ndugu wa damu wa mume wako. Kabla hujafika barabarani, wazee wamekwisha kukaa. Mbege imeletwa, mbuzi ametajwa, na jani la sale limeshikwa mkononi. Mama mkwe analia kwamba unataka kuvunja ukoo. Mume wako ananyamaza.

Sale ni jani la heshima, nasi hatulidharau. Limepatanisha watu wengi mlimani hapa kwa habari za mipaka ya vihamba, matusi ya kwenye mbege na ng'ombe walioingia shambani. Lakini halikuwekwa kwa ajili ya kufunika mwili wa mtoto. Tena kisheria shauri la namna hii ni la Jamhuri. Si mali ya baba wala ya ukoo, hata walipane mbuzi kumi. Ila mashahidi wasipofika, Jamhuri hubaki mikono mitupu, na hilo ukoo unalijua vizuri sana. Mtaalamu naye hawezi kuliokoa shauri ambalo mtoto wake hakuletwa kupimwa. Mama anayeondoka kwenda hospitali asubuhi ile, kabla ya kikao, amekwisha kuandikisha jambo ambalo kikao hakiwezi kulifuta. Awe na mwanamke mwingine wa kumsindikiza, wa jumuiya au jirani; mzigo huo ni mzito kwa mtu mmoja.

Damu na mate

Wakati mwingine msichana hakusema neno, na habari hujulikana mimba ikionekana. Hapa vinasaba husaidia sana. Mtoto akizaliwa, huchukuliwa mate ya ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, ya kwake, ya mama yake na ya mwanamume anayetajwa. Kupima vinasaba nchini kunasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, na wapimaji ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye maabara Dar es Salaam na ofisi ya Kanda ya Kaskazini huko Arusha. Mama hawezi kwenda tu na mtoto mgongoni akaomba kupimiwa. Maombi hupitia kwa wenye mamlaka, kama vile mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Sheria ya Mtoto, ya mwaka 2009 pia, inairuhusu mahakama kuagiza kipimo hicho mtu anapomkana mtoto wake na matunzo yake.

Mfalme Sulemani alipoletewa wanawake wawili na mtoto mmoja hakuwa na maabara. Alitumia upanga na akili. Leo hakimu hahitaji upanga, lakini akili bado inahitajika. Kipimo husema nani ni baba. Hakisemi kama msichana alilazimishwa, wala alikuwa na umri gani siku ile. Hayo huthibitishwa na mashahidi wengine.

Sahihi ya marehemu

Tupite sasa kwenye kihamba, kwa ufupi, maana wajane wengi hufika kanisani kuomba ushauri kwa jambo hili. Mume amezikwa, matanga yamekwisha, na inatokea karatasi: wosia au hati ya mauziano, ina sahihi yake au dole gumba. Wewe hujawahi kuiona.

Kwanza dai ionekane karatasi yenyewe, si nakala. Mtaalamu wa maandishi huangalia jinsi kalamu ilivyokandamiza karatasi, iliposita na ilipoanza upya, na mengi ya hayo nakala huyaficha. Pili, anahitaji sahihi za kweli za kulinganishia, nyingi iwezekanavyo, na za miaka ile ile, kwa sababu mkono wa mtu wa miaka 40 si mkono wake akiwa na miaka 75 na kutetemeka. Zitafute: kitabu cha ndoa cha usharika, fomu za benki, vitabu vya chama cha msingi alikopeleka kahawa yake, daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, barua alizowaandikia watoto wakiwa shuleni. Wajane wengi huchoma karatasi za marehemu katika usafi wa baada ya msiba. Tafadhali msizichome.

Uchunguzi wa miandiko na vidole hufanywa na wataalamu wa Jeshi la Polisi, na baraza la ardhi au mahakama yaweza kuagiza vipelekwe huko. Isitoshe, sheria inamruhusu pia mtu anayeufahamu mwandiko wa mwenzake kwa kuuona mara kwa mara aeleze mahakamani. Mke aliyesoma barua za mumewe kwa miaka 30 hakuja mikono mitupu.

Na kuna mtaalamu mwingine ambaye mjane hukutana naye bila kumtarajia, ndiye mtaalamu wa mila. Wengi watakumbuka shauri la Nairobi la mwaka 1987. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwao Matasia karibu na Ngong, na ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulimleta kizimbani Profesa Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aeleze mila za Kijaluo, na walikuwapo wengine pia, hata mchimba makaburi. Wambui alishindwa, na mumewe akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Wapo watakaosema sheria ilikwisha kuamua, wataalamu au wasiwepo. Sisi tunaona kwamba ukoo ulikuja na watu wa kueleza mila, na mahakama iliwasikiliza kwa makini. Mjane anayeambiwa "mila yetu haimruhusu mwanamke" naye atafute mzee wa ukoo huo huo anayeijua mila kwa undani. Mara nyingi mila ina vifungu vya huruma ambavyo wenye tamaa hawavitaji. Tena hapa Tanzania mila haina neno la mwisho. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haizitambui mila zinazomnyima mwanamke haki ya ardhi.

Unampataje, na nani analipa?

Katika jinai, Serikali ndiyo inayomwita mtaalamu, hulipi kitu. Katika madai, kama ya kihamba au ya kuumizwa kwa uzembe, anayedai ndiye anayemtafuta mtaalamu wake, na ndiye anayemlipa kwanza. Akishinda, mahakama yaweza kuagiza aliyeshindwa amrudishie gharama. Gharama hizo si ndogo, basi uliza kwanza kama mahakama yenyewe inaweza kuagiza uchunguzi ufanywe na ofisi ya Serikali. Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na hapa mjini Moshi shirika la KWIECO limekuwa likiwasaidia wanawake katika mambo ya sheria tangu mwaka 1987. Kwa habari ya mtoto aliye hatarini, simu namba 116 hupigwa bure.

Ukimpata mtaalamu, usimwonyeshe jibu unalolitaka. Mweleze yote, hata yale yanayokudhuru, kwa sababu wakili wa upande wa pili atayafukua na kumrushia akiwa kizimbani. Mwulize amewahi kutoa ushahidi mara ngapi. Na kabla hujamlipa hata shilingi, mwulize kama atakuja mwenyewe siku ya shauri, hata likiahirishwa mara tatu, maana litaahirishwa.